Mafaili Yaliyomtii Bi Zuena Tu

Alhamisi asubuhi Madamu Kokushubila aliingia ofisini bila kusema shikamoo, na Bi Zuena akajua kazi yake inaning'inia.

Usiseme ni jambo dogo. Kokushubila ndiye mwenye ofisi, ndiye mwenye mashine, ndiye mlipa mishahara, lakini kwa umri Bi Zuena angeweza kumbeba mgongoni. Na tangu mama huyu aanze kazi ya majaribio pale Sinza, hakuna asubuhi Madamu aliyopita bila kumwamkia kwanza, tena kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama walivyomfunza kwao Bukoba. Bi Zuena alikuwa akiingojea shikamoo ile kama wengine wanavyoingoja chai. Leo Madamu aliuambia ukuta "habari za hapa", akapita zake ndani. Kwa watu wa Pwani hiyo ni barua tosha, haina haja ya mhuri.

Kisa chenyewe kilikuwa kitabu cha mapishi. Kikundi cha akina mama wa Sinza, nusu wenyeji wa Pwani na nusu waliokuja na waume zao kutoka bara, walikuwa wameamua kuyaweka mapishi yao kitabuni, na kazi ya kukichapa akapewa Madamu Kokushubila. Ilikuwa kazi tamu kuliko zote zilizowahi kuingia ofisi ile. Kila pishi lilichapwa mara tatu. Mara ya kwanza, jinsi mama alivyolisema. Mara ya pili, baada ya wenzake kulibishia. Mara ya tatu, baada ya kulipika pale uani na kulionja, maana mama wa biriani hakubali kushindwa kwa maneno matupu. Ofisi nzima ilinenepa. Elinaza, binti wa Kipare aliyekuwa akichapa mapishi ya bara, alitoboa mkanda wake tundu jipya mwezi ule.

Mapishi ya Pwani aliyachapa Bi Zuena. Alikuwa amepiga taipu wizarani tangu ujana wake, mpaka serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi na jina lake likasomwa. Mumewe Jabiri, fundi wa makochi kule Temeke, alimwambia apumzike, akaange vitumbua auze hapo nje kama wenzake. Vitumbua Bi Zuena alikuwa anavijua, lakini hakuvitaka. Aliona kwamba vidole vyake vimesoma kuliko yeye mwenyewe, na ni dhuluma kuvistaafisha. Jabiri alicheka akasema kweli, kwani hata usingizini vidole hivyo huendelea na kazi mgongoni mwake, na asubuhi huamka akijihisi kama barua ya Katibu Mkuu.

Kwa hiyo akaenda Sinza kujaribu kompyuta. Mashine yenyewe ilikuwa ya mfumo wa Unix, moja kubwa iliyokaa chini ya meza ikinguruma, na skrini mbili zilizounganishwa nayo: moja ya Elinaza, moja ya Bi Zuena. Ukitaka kuandika, unaingia kwenye programu aliyoitengeneza Audax, kijana fundi wa kompyuta, nayo inakufungulia kisanduku katikati ya skrini na kukuuliza jina la faili. Ukitaka kufuta, unatoka kwenye programu, unabaki na skrini nyeusi, unaiandikia mashine amri kwa herufi chache. Bi Zuena alijifunza yote hayo kwa wiki chache na moyo wake ukachanua. Ng'ombe hazeeki maini.

Kisha diski ikajaa. Mashine ikasema haina nafasi tena, na kitabu kilikuwa hakijaunganishwa. Dawa ilikuwa rahisi: wafute nakala za kwanza na za pili za kila pishi, zibaki zile za tatu. Elinaza akafuta za kwake, NDIZI1 na NDIZI2, MACHALARI1 na MACHALARI2, zikaenda bila ubishi. Bi Zuena akaandika amri ile ile ya kufuta PILAU1. Mashine ikajibu kwamba faili hilo halipo.

Wakatazama orodha. PILAU1 lipo, limekaa pale linawaangalia. Wakafuta tena, mashine ikasema halipo. Wakajaribu VITUMBUA1 na BIRIANI2, jibu likawa lile lile. Elinaza akaenda kwenye programu, akaandika kisandukuni PILAU3 ili alifungue, akaambiwa hakuna kitu kama hicho. Bi Zuena akasogea, akakaa kwenye kiti hicho hicho, mbele ya skrini hiyo hiyo, akaandika PILAU3. Pilau likafunguka na vitunguu vyake vyote.

Elinaza alirudi nyuma hatua moja. Alisema kwao Same mambo kama haya huombewa. Hakulisema kwa ubaya, lakini neno likishatoka mdomoni halina breki, na mpaka jioni akina mama wa kikundi walikuwa wameshasikia kwamba mapishi ya Pwani yamefungwa na hayamfungukii mtu mwingine isipokuwa Bi Zuena. Mama wa biriani alicheka akasema pishi lake siku zote lilikuwa na wivu.

Madamu Kokushubila hakucheka. Yeye alikuwa amewahi kusikia habari ya ofisi moja huko mjini ambako mfanyakazi aliyehofia kufukuzwa aliifungia kazi yote kwa neno la siri, mwenye ofisi akabaki kumbembeleza. Na mwisho wa majaribio ya Bi Zuena ulikuwa karibu. Madamu akajumlisha mwenyewe. Ndiyo maana Alhamisi ile hakumwamkia, na saa za chakula cha mchana akamwita ndani na kumwuliza waziwazi.

"Bi Zuena, nakuheshimu sana. Lakini niambie ukweli. Umeyafunga?"

"Sijayafunga, Madamu. Hata kuyafunga sijui."

"Basi mbona yanakusikia wewe peke yako?"

Lilikuwa swali zuri, na hata Bi Zuena mwenyewe alikuwa amejiuliza. Madamu akasema Audax atakuja kesho. Akishindwa, itabidi kusafisha diski nzima na kuanza upya, na hapo atatafutwa mtu mwingine wa kuchapa mapishi ya Pwani.

Bi Zuena alirudi Temeke amenywea. Kazi ingemuuma, lakini hakuipigia hesabu sana. Kilichomchoma ni kwamba katika uzee wake ameonekana mtu wa hila. Alikuwa ameshika barua za siri za wizara miaka yote ile na hakuna aliyewahi kumshuku hata kwa karatasi ya kaboni. Alimweleza Jabiri huku machozi yanamlengalenga. Jabiri alikuwa amekalia kochi lisilo na kitambaa, misumari mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja ili aweze kucheka vizuri.

"Wewe ufunge mafaili?" akasema. "Mke wangu, wewe hata banda la kuku hulifungi likafungika."

Akacheka naye, ikabidi. Lakini Ijumaa alivaa gauni lake la kazi zuri kuliko yote, lile la siku za Waziri, akaenda Sinza kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu.

Audax alifika na mkoba wa nyaya. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, mpole, aliyesoma ughaibuni akarudi na adabu zake zote. Alimpa Bi Zuena shikamoo kabla hajaweka mkoba chini, na Bi Zuena alimpenda papo hapo. Akaketi, akatazama orodha. Akajaribu kufuta PILAU1, akaambiwa halipo. Hakushangaa. Alikuna kidevu tu, akaiandikia mashine amri nyingine ya kuorodhesha, inayoilazimisha ionyeshe hata alama ambazo kwa kawaida hazionekani.

Orodha ikatoka upya. NDIZI3 ya Elinaza ilikuwa vile vile. Lakini mbele ya kila faili la Bi Zuena palikuwa na msururu wa ajabu: kistari cha mshazari na tarakimu, kistari na tarakimu, tena na tena, kisha ndipo jina.

Audax akawaeleza. Alama hizi zimo ndani ya jina, ila jicho halizioni. Mtu akisoma orodha anaona PILAU1. Mashine inaona kitu kirefu zaidi, na ukiiambia ifute PILAU1 tupu, inasema halipo, nayo haisemi uongo, maana kwake jina bila alama hizo ni la faili jingine. Alama yenyewe hutokana na kibonye cha kurudi nyuma. Kila inapotokea, mtu amekibonyeza mara moja.

"Lakini nani anakigusa?" akauliza. "Mie niliwaambia ukikosea futa kwa kile cha pembeni. Hiki hakifuti chochote. Kinasogeza tu."

Madamu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Elinaza alitazama sakafu. Bi Zuena akageuza macho kwenye kibonye kile, kwa sababu alikuwa anakijua. Tangu siku ya kwanza ndicho kibonye pekee alichokipenda katika mashine ile. Vingine vyote vilikuwa vigeni, vinafuta, vinaruka, vinafungua mambo. Hiki kilirudi nyuma nafasi moja kikatulia, kama cha taipureta yake ya wizarani. Lakini hakukumbuka kukibonyeza mbele ya jina la pilau. Angekibonyezea nini?

Audax akamwomba aketi, afungue programu, aandike faili jipya lolote. Asifikirie, afanye kama siku zote.

Bi Zuena akanyoosha mgongo. Kisanduku kikafunguka, kialama kikasimama katikati kikimeta, kikingoja jina. Akaamua kuandika SAMAKI. Midomo yake ikacheza kidogo, na sauti ndogo sana ikatoka: "Sa. Ma. Ki." Na kwa kila mkato, kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kiliruka juu na kurudi.

"Hebu rudia," akasema Audax taratibu.

Hakurudia. Alibaki ameutazama mkono wake kama mtu aliyemkuta mwanawe anafanya utundu na anajua kabisa utundu huo kaupata wapi. Kisha bega likaanza kumcheza. Kisha akacheka, kicheko kikubwa cha Temeke ambacho ofisi ile haikuwahi kukisikia kwake, akajifunika mdomo kwa mtandio na bado kikapita.

"Ni mie," akasema. "Jamani, ni mie. Naweka kichwa cha habari katikati."

Ilibidi awaeleze. Chuo cha uhazili, enzi hizo, walifundishwa wakiwa wamefunikwa mikono kwa kitambaa wasione vibonye. Na sheria ya kwanza ya barua nzuri ilikuwa kwamba kichwa cha habari hukaa katikati ya karatasi, kama bwana harusi kwenye zulia. Taipureta haijui katikati ya maneno yako ni wapi. Kwa hiyo unaipeleka hadi nusu ya karatasi, halafu unalitaja neno kimoyomoyo herufi mbili mbili, na kwa kila mbili unarudi nyuma mara moja. Herufi ikibaki peke yake unaiacha. Ukimaliza, unapiga neno, nalo linatua sawasawa. Alikuwa amefanya hivyo kwa kila barua, kila taarifa na kila tangazo, mpaka akili ikaacha kujua na mkono ukabaki unajua peke yake. Akiona nafasi ya kuanzia iko katikati, mkono unarudi. Ndiyo maana alipofungua mafaili yake kwa programu yalimfungukia: mkono ulikuwa ukirudia zile zile. Na kwenye skrini nyeusi, ambako maandishi huanzia pembeni kushoto, mkono haukuona cha kupanga, ukaandika PILAU1 tupu.

Audax alivua miwani. Alisema kialama kile alikiweka katikati yeye mwenyewe, kwa sababu moja tu: alikiona kinapendeza. Kisha naye akashikwa na kicheko, na Elinaza, ambaye usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ameomba kwa dhati kabisa, akacheka mpaka akakaa chini. Alimwambia Bi Zuena amsamehe, na Bi Zuena akamwambia sala haiozi, aiweke itafaa siku nyingine.

Madamu peke yake hakucheka. Aliuliza kama sasa yatafutika.

Audax akasema yatafutika, na atakayefuta ni Bi Zuena mwenyewe. Akampisha kiti. Mbele ya jina, akamwambia, uweke nyota. Nyota kwa Unix maana yake ni chochote kile kitakachokuwepo hapo, kionekane kisionekane. Huna haja ya kujua kimejificha nini. Unaweka nyota, inabeba. Na katika amri ya kufuta aongeze herufi ya kuifanya mashine iulize kwanza kabla haijafuta. Hilo alilisisitiza mara mbili.

Bi Zuena akaandika. Herufi za kufuta, herufi ya kuuliza, nyota. Sasa, mpiga taipu aliyefunzwa vizuri hawezi kupiga alama akaacha kuipa nafasi baada yake. Ni kama kutoka msalani bila kunawa. Kidole gumba kikagusa kibonye kirefu. Kisha akaandika PILAU1, akaikabidhi mashine.

Mashine ikauliza: BIRIANI1?

Bi Zuena akaganda. Yeye alikuwa ametaja pilau. Akamtazama Audax, akamwona amepauka. Nyota ikisimama peke yake, akasema kijana kwa sauti iliyokauka, maana yake ni kila kitu. Kitabu kizima. Asijibu ndiyo hata mara moja.

Basi ikaanza kazi ya kukataa. BIRIANI1? Hapana. BIRIANI2? Hapana. BIRIANI3? Hapana, hapana kabisa. Mashine iliuliza pishi moja baada ya jingine bila kuchoka, kama mshenga aliyetumwa na ukoo wenye vijana wengi, na Bi Zuena alizikataa posa zote huku jasho linamtoka. Ilipofika MACHALARI3 Elinaza alishika meza. Ilipofika dibaji iliyoandikwa na mwenyekiti wa kikundi, Madamu mwenyewe alikuwa ameshasogea, ameinama juu ya bega la Bi Zuena, na wote wanne walisema hapana kwa pamoja kabla kidole hakijabonyeza. Maswali yakaisha. Mashine ikamalizia kwa kusema kwamba PILAU1 halipo.

Kisha Bi Zuena akauliza, kwa unyonge, kama mashine hii imelelewa Pwani, maana hajapata kuona chombo chenye adabu ya kuuliza namna hiyo. Hapo ndipo Madamu Kokushubila aliposhindwa. Alianza na mguno puani, akageukia ukutani, na mabega yakamsaliti.

Mara ya pili Bi Zuena alikikalia kidole gumba. Ndiyo, alikiweka chini ya paja lake mbele ya watu wote, akaandika kwa vilivyobaki. Nyota na PILAU1 zikashikana. Mashine ikauliza: PILAU1? Akajibu ndiyo. Akaomba orodha, na pilau la kwanza, lile lenye chumvi mara mbili lililowagombanisha akina mama wiki nzima, halikuwepo. Yakafuata ya vitumbua, ya biriani, ya kisamvu. Kila moja lilipotoweka Elinaza alipiga kofi dogo. Nakala za tatu Audax alimwonyesha namna ya kuzibadilisha majina kwa nyota ile ile, zikabaki na majina safi yanayomwitikia kila mtu, na Elinaza akafungua PILAU3 kwenye skrini yake akalisoma kwa sauti tangu mwanzo mpaka kwenye iliki. Diski ikapumua. Kitabu kikaanza kuunganika.

Audax akasema ataibadili programu jioni ile, kialama kianzie kushoto, na kibonye cha kurudi nyuma akifanye nacho kifute kama kile cha pembeni. Bi Zuena alimwomba asikiguse kibonye. Mkono wake, alisema, utajifunza. Lakini awe na kimoja tu cha kumkumbusha kwao.

Katika shamrashamra hizo hakuna aliyemwona Madamu akitoka. Bi Zuena alipogeuka kumtafuta alikuta mlango mtupu, na furaha ikamwingia mchanga. Kazi imepona, akawaza, lakini neno lile alilokuwa ameulizwa jana bado limo chumbani. Akarudi kwenye skrini yake, akajifanya anasoma.

Mlango ukafunguliwa. Madamu Kokushubila aliingia kutoka nje, mkoba begani, viatu vya mitaani miguuni, kama mtu anayefika kazini ndiyo kwanza kunakucha. Wakati huo adhana ya Ijumaa ilikuwa imeshaadhiniwa. Akapita mbele ya Elinaza, akapita mbele ya Audax, akasimama kando ya kiti cha Bi Zuena na kuinamisha kichwa, chini zaidi kuliko siku zote.

"Shikamoo, Bi Zuena."

Bi Zuena alitaka kumngojesha kidogo, ndivyo alivyowaambia watu baadaye, lakini jibu lilimtangulia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umeamkaje?"

Madamu akasema ameamka vizuri, leo amechelewa kidogo. Kisha akaweka mkoba chini, akavuta kiti, akaomba aonyeshwe jinsi ya kuweka kichwa cha habari katikati.